Dhambi ya Nani?

Ukisikia neno dhambi unawaza nini? Wengi wetu ni pombe, uongo, mambo ya kitanda. Kitu kati yako na Mungu: unatubu, imeisha. Na ukiteseka unaambiwa vumilia, huo ni msalaba wako.

Mwaka wa 1968 maaskofu Wakatoliki wa Amerika ya Latini walikutana Medellín, Colombia, na hawakuishia hapo. Walisema dhuluma inayowaweka watu wao kwenye umaskini ni hali ya dhambi. Yaani dhambi inaweza kukaa ndani ya sheria, mishahara na hati za mashamba. Mwaka wa 1971 padri Gustavo Gutiérrez wa Peru akaiandikia kitabu, na jina likashika: teolojia ya ukombozi.

Lakini mtu ninayemfikiria sana ni Óscar Romero wa El Salvador, nchi ndogo ya kahawa ambapo ardhi nzuri ilikuwa ya familia chache. Alipofanywa askofu mkuu Februari 1977, matajiri walitulia. Jamaa alikuwa mpole, mtu wa vitabu, hana noma. Tarehe 12 Machi rafiki yake, padri Rutilio Grande, akapigwa risasi barabarani pamoja na mzee mmoja na kijana. Kosa lake? Alisimama na wakulima wa Aguilares walioanza kujipanga kudai haki. Romero akafuta misa zote za Jumapili jimboni, ikabaki moja tu, kwenye kanisa kuu.

Roma haikufurahia teolojia hii. Mwaka wa 1984 Kardinali Ratzinger, Papa Benedict wa baadaye, alionya kwamba dhambi haianzi kwenye mifumo, inaanza kwa mtu. Na kusema ukweli, hiyo hoja ina uzito. Tukilaumu “system” pekee, kila mtu anaenda nyumbani akiwa safi.

Ila Romero alikuwa ameshaijibu. Tarehe 23 Machi 1980 aliongea na wanajeshi wenyewe, wengi wao watoto wa wakulima. Aliwaambia wale mnaoua ni ndugu zenu, na hakuna askari anayelazimika kutii amri inayopinga sheria ya Mungu. Mfumo ni mkubwa, sawa, lakini bunduki imeshikwa na mtu.

Kesho yake jioni aliuawa akiongoza misa katika kanisa dogo la hospitali. Mwaka wa 1993 tume ya Umoja wa Mataifa ilimtaja Roberto D'Aubuisson, meja wa zamani wa jeshi, kuwa ndiye aliyetoa amri. Alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla, bila kufikishwa kortini.