Vikundi vya Kusikiliza Redio

Mtu akisikiliza redio peke yake, mara nyingi maneno humpita kama upepo. Lakini watu wengi wakisikiliza pamoja na kuulizana, neno huzaa kazi. Jambo hili lilionekana Tanzania mwaka wa 1973.

Mwaka huo ilifanywa kampeni ya majuma 12 iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 waliingia katika vikundi. Walikusanyika mbele ya redio, wakasikiliza mafundisho, wakasomewa kitabu ili asiyejua kusoma naye asiachwe nyuma. Kisha wakashauriana la kutenda.

Kwa watu wa Shinyanga na Geita shauri hilo lilikuwa zito. Katika malambo, majaruba ya mpunga na kando ya ziwa la Victoria wamo konokono wanaoeneza kichocho. Mayai ya ugonjwa hutoka katika mkojo au choo cha mgonjwa, yakaanguliwa majini. Vijidudu huingia katika konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtoto aogaye. Basi hata mtoto akiponywa leo, kesho huugua tena ikiwa jirani hana choo.

Hapo ndipo ilipo faida ya kikundi. Choo cha mtu mmoja hakiwezi kulisafisha lambo la kijiji kizima; sharti wachimbe wote. Katika kampeni ile vyoo vingi sana vilichimbwa nchini. Redio ilitoa shauri, lakini walioshika majembe ni wasikilizaji.