Kwa Mangi na Mtandaoni

Sarufi ya Kiswahili ina adabu moja ambayo tunaifuata bila kuifikiri: mtu hatiwi kiambishi cha mahali. Tunakwenda dukani, sokoni, shambani na kanisani, lakini hakuna aendaye "fundini" wala "mgangani". Mahali pakishakuwa mtu tunasema kwa fundi, kwa mganga, kwa Mama Asha. Dar es Salaam imejaa vituo vya daladala vilivyobaki na wenyewe kwa namna hiyo: Kwa Aziz Ali, Kwa Msuguri, Kwa Mtogole. Konda anaita watu ambao abiria wake wengi hawakuwahi kuwaona, na basi linasimama.

Duka la mtaani limo katika kundi hilo. Mtoto akitumwa sukari haambiwi nenda dukani, anaambiwa nenda kwa Mangi. Mangi kilikuwa cheo cha watawala wa Wachaga kule Kilimanjaro. Wachaga walipotapakaa nchini wakifungua maduka, cheo kikateremka mlima pamoja nao, kikawa jina la yeyote auzaye chumvi na kiberiti nyuma ya nondo. Leo Mangi anaweza kuwa Mkinga wa Makete ambaye hajawahi kufika Moshi, na ukimwita hivyo ataitika bila kugeuka. Sijui cheo kingine cha kitemi kilichopata kazi ya kudumu hivyo.

Sasa msikilize anayenunua kwa simu. Atakwambia ameagiza mtandaoni. Ile -ni ya mwisho imekaa sawasawa kisarufi, maana mtandao ni kitu, si mtu. Ila ndani yake hamna wa kumsalimia. Tunapobishana kama tuzidishe kununua mtandaoni au tubaki na maduka yetu, tunabishana kuhusu bei, muda na foleni, wakati lugha ilishaona tofauti iliyo kubwa zaidi. Upande mmoja unanunua kwa mtu, upande wa pili unanunua kwenye kitu.

Tazama maneno yenyewe ya dirisha la Mangi. Dirisha ni dogo, lina nondo, na nyuma yake kuna mizani, kaunta buku lililokunjika pembe, na dumu la mafuta ya kula lenye pampu ya mkono. Mteja hasemi anataka lita wala gramu. Anasema "nipimie ya mia tano", na kipimo kinatoka katika pesa aliyonayo, si katika bidhaa. Wazee walipima kwa kibaba na pishi, vipimo vya chombo. Sisi tumegeuza noti na sarafu kuwa chombo. Halafu linakuja neno ambalo ndilo moyo wa biashara nzima: niandikie. Mwenye haya hasemi nikopeshe. Anasema "niandikie, jioni baba yake akirudi nitaleta", na deni linakuwa jambo la kalamu tu, kama vile aliyeombwa ni karani. Ukutani huenda kuna tangazo kwamba mkopo ni kesho. Tangazo hilo ni la wageni.

Pana na chenji. Sarafu zikikosekana, mtoto anarudi na pipi au bazoka, na mama analalamika kila mara na kumtuma tena kila mara. Au Mangi anasema "nitakukumbuka", naye anakumbuka kweli, shilingi mia mbili za juzi, bila risiti. Huwezi kuliita hilo huduma kwa wateja. Ni ujirani wenye mizani.

Upande wa pili, maneno ya duka la simu ni haya: oda, kikapu, mzigo, muamala, namba ya kufuatilia. Hakuna hata moja lenye mtu ndani. Kikapu ndicho kinachonichekesha zaidi. Jumia, kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilitufundisha wengi kubofya na kuweka vitu kikapuni, kikapu kisichosukwa kwa ukindu wala kushikwa kwa mkono. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, vikapu vya ukindu vikarudi sokoni mikononi mwa akina mama. Novemba ya mwaka huohuo Jumia ikafunga shughuli zake Tanzania. Kikapu cha kweli kilirudi na kile cha kioo kikaondoka, ndani ya nusu mwaka. Hakuna uhusiano wa sababu na matokeo hapo, naujua ukweli huo, lakini mpenda maneno huachiwa starehe ndogondogo.

Muamala nao una kisa. Hilo ni neno la Kiarabu lililokaa kwa adabu katika vitabu vya fikihi na benki, likimaanisha shughuli baina ya watu wawili. Sheria ya mwaka 2015 ikalipa makazi rasmi kwa kuitwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, wala mitaani hakuna aliyegutuka. Kilichogutua watu ni tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021. Ndani ya wiki moja neno la wanasheria likawa mdomoni mwa kondakta, muuza nyanya na bibi aliyekuwa akisubiri pesa ya mjukuu. Kamati za istilahi hutumia miaka kusambaza neno. Kodi huweza kulisambaza kabla ya mwisho wa mwezi.

Je, kununua kwa simu kumeshindwa kwetu? Hapana, kumenawiri, ila si pale kulikotarajiwa. Kumenawiri Instagram na WhatsApp, na sikiliza kunavyosemwa: "Viatu hivi? Nimechukua kwa yule dada wa Sinza." Lile kwa limerudi! Dada wa Sinza hana duka, hana nondo, pengine hana hata bidhaa nyumbani. Ana simu, wafuasi, bodaboda anayemwamini, na sauti. Unamtumia ujumbe wa sauti, anajibu "abee mpenzi", na muamala unapata mtu. Ukiwa Mbeya au Mwanza anakuandikia kwamba "mikoani tunatuma", mzigo unawekwa kwenye basi na wewe unaufuata stendi.

Tunaita hilo duka la mtandaoni, na hapo ndipo nina ugomvi na istilahi. Duka, kutoka dukkan ya Kiarabu, kwetu ni chumba chenye mwenyewe na mali iliyopangwa. Duka hufunguliwa asubuhi. Dada wa Sinza anachofanya mara nyingi ni kupiga picha mali iliyo katika duka la mtu mwingine Kariakoo, kuiweka mtandaoni, na mteja akikubali anakwenda kuichukua na kuongeza cha juu. Kariakoo wana jina la kazi hiyo, jina walilolichukua uwanjani bila kumwomba mtu ruhusa: winga. Winga wa mpira hukimbia pembeni akapeleka krosi, afunge mwingine. Winga wa Kariakoo hukimbia vichochoroni akamleta mteja kwa mwenye duka, naye akabaki na cha juu. Kabla yake tulikuwa na dalali, ambaye hadi leo anatafuta vyumba na viwanja, lakini dalali hukaa akingojea kuitwa. Winga hangoji. Anakuona unashuka kwenye daladala na ameshajua unatafuta mapazia.

Kwa hiyo "duka la mtandaoni" kwa sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni winga mwenye kamera. Ukikubali jina hilo, ule upinzani wa mtandao dhidi ya duka unalegea. Kiatu ulichoagiza ukiwa kitandani kimetoka kwenye rafu ya duka la jumla Kariakoo, mtaa ambao wenyewe umepata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hatukukosea kuchagua neno mzigo kwa bidhaa zinazosafiri. Anayeumia si lazima awe mwenye duka la Kariakoo, ambaye amepata macho mengi zaidi kupitia simu za mawinga. Anayeumia ni mwenye duka dogo la nguo au viatu kule mtaani, aliyekuwa akifuata mzigo huohuo, akalipa pango, leseni na umeme, kisha akauweka dirishani huku jirani yake akiwa ameshauona kwenye simu kwa bei pungufu. Mangi wa sukari yeye bado yuko salama, maana hakuna bodaboda atakayeleta mafuta ya mia tano kwa nauli ya elfu mbili.

Nauli hiyo inanipeleka kwenye rahisi. Kwa Kiarabu neno hili lina maana ya kitu kisicho ghali. Kiswahili kililipokea na kuliongezea maana ya pili, kitu kisicho kigumu, na tangu hapo tunachanganya maana hizo tukidhani ni moja. Tangazo likisema "nunua mtandaoni, ni rahisi", limesema kipi? Kubofya ni rahisi. Bei inaweza kuwa rahisi mpaka uongeze usafiri. Kwa Mangi, sukari ya kupimiwa robo robo ni ghali kuliko ya mfuko ukipiga hesabu ya kilo nzima, lakini ni rahisi kwa aliye na shilingi mia tano leo na hajui ya kesho. Neno moja linawatumikia mabwana wawili, na muuzaji yeyote mwerevu analijua hilo.

Kampuni za simu ziliona mapema kwamba maneno ya -ni hayauziki bila maneno ya kwa. Safaricom ilipoanzisha huduma ya kukamilisha malipo kwa mkopo, Januari 2019 nchini Kenya, haikuiita mkopo. Iliiita Fuliza, kitenzi cha zamani chenye maana ya kufanya jambo mfululizo bila kukatiza. Vodacom Tanzania wana Songesha, na kwa salio la vocha Nipige Tafu. Nani husema "nipige tafu"? Jirani kwa jirani, mtu aliyepungukiwa na mia tano mbele ya dirisha lenye nondo. Mashine imejifunza kusema niandikie, ila yenyewe hukata deni lake pesa inapoingia tu, na haijui kwamba mgonjwa yuko hospitali.

Wakenya wametoa mchango wao kwa njia ya utani. Kwao "mteja" ni mnunuzi kama kwetu, lakini pia ni hali ya simu iliyozimwa, kwa sababu ya ile sauti ya kike isemayo mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. "Nimempigia, yuko mteja." Aliyewahi kutuma pesa kwanza kwa muuzaji wa mtandaoni kisha akangoja mzigo usiokuja ameishi maana zote mbili za neno hilo kwa siku moja: aliingia yeye akiwa mteja, akatoka muuzaji akiwa mteja. Ndiyo maana "lipa ukipokea" ni maneno mawili yenye mvuto kuliko punguzo lolote. Mangi hayahitaji, kwa kuwa unajua anapolala.

Siku hizi nasikia watu wakihimizana "kusapoti" biashara ndogo za mtaani. Nia ni njema na neno ni baya. Sapoti inamweka muuzaji upande wa msaada, kama timu inayoshuka daraja. Mitaa ya Dar es Salaam ina neno lake: niungishe. "Dada niungishe," anasema mwenye beseni la ndizi, "kaka niungishe, tangu asubuhi sijauza." Limetoka kwenye kuunga, kama kuunga mkono na kuunga mboga, na mnyambuliko wake una kaujanja ambako sijaona mwanasarufi akikaeleza vizuri: nani anaungishwa na nini? Mimi na riziki yangu? Wewe na mimi? Anayeungisha hatoi sadaka. Anaondoka na ndizi zake, na anaruhusiwa kabisa kulalamika kwamba ni mbichi.

Neno hilo nalo limehamia kwenye simu. Chini ya picha za vitenge na masufuria utalikuta katika wingi, "niungisheni jamani". Kando yake kuna jingine ninalolipenda zaidi, la wauza vitu vikubwa, sofa, friji, pikipiki iliyotumika. Wanaandika bei, laki nne na nusu, kisha wanaongeza maneno mawili: maongezi yapo. Kikapu cha programu hakina mahali pa kuandika hivyo. Bei yake imefungwa, hata inapopunguzwa imejipunguza yenyewe. Niliipigia namba iliyokuwa chini ya sofa moja la namna hiyo nikiwa tayari na hoja zangu za laki tatu na nusu. Muuzaji hakunipa nafasi ya kuzisema. Alitaka kwanza kujua nakaa wapi, nikamtajia mtaa, akauliza, "Upande wa juu, kule kwa Mangi, au huku chini?"