Apne ya mashindano: ile pesa inakwenda wapi?

Ziwa Tanganyika linashuka mupaka mita 1470. Mu dunia nzima kuko ziwa moja tu lenye kulipita kwa kina, ni Baikal ya Urusi. Maji ya Tanganyika ni ya vuguvugu mwaka muzima, kule juu inazunguka nyuzi 25 hivi, na mahali pengi unaona vizuri chini yako. Lakini watu wenye kushindana kuzama kwa pumuzi moja hawaji Kalemie wala Moba. Wanakwenda Bahamas, ku shimo moja la bahari lenye mita 202 tu. Vijana wanauliza juu ya nini, na kama mutoto wa Lubumbashi anaweza kuingia mu ile mashindano, na kwa bei gani.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Apne ni kuzuia pumuzi. Muvuvi wa Moba mwenye kushuka kufungua wavu uliokwama ku mawe, ule anafanya apne. Watu wa pwani ya Waswahili, Lamu mupaka Kilwa, wamezama vile karne mingi kutafuta pweza na makombe. Mu karne ya 19 watu wengi waliochukuliwa watumwa kutoka ile pwani walifikishwa nchi za Ghuba, na wamoja walifanywa wazamiaji wa lulu: jiwe ku muguu ya kushuka nalo, kamba ya kuvutwa nayo. Ile ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Mchezo wa kushindana ulikuja nyuma sana, na ulizaliwa karibu na bahari ya Ufaransa. Shirikisho la CMAS lilianzishwa Monaco mwaka 1959, mukubwa wake wa kwanza alikuwa Jacques-Yves Cousteau, ule wa filimu za bahari. AIDA, yenye kushugulikia apne peke yake, ilianza mu muji wa Nice mwaka 1992. Mupaka leo ni mashirikisho mawili, kila moja na rekodi zake na mashindano yake ya dunia. Kwa hiyo hata kabla ya kutoa franka moja, ujue unaandikishwa kwa nani.

Mashindano ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya pisini: unalala uso mu maji bila kutikisika, saa inahesabu, ao unaogelea chini ya maji uone utafika mita ngapi. Mufaransa Stéphane Mifsud alikaa dakika 11 na sekunde 35 mwaka 2009. Ya pili ni ya kina. Kamba inashuka, chini kuko sahani yenye vikaratasi, unakamata kimoja na kupanda nacho juu kama ushuhuda. Wenye mapezi ku miguu wamekwisha kupita mita 130. William Trubridge wa New Zealand alishuka mita 102 mwaka 2016 bila mapezi, mikono na miguu tu.

Sasa bei. Tuanze na muchezaji.

Kwa mutu wa hapa, pesa ya kwanza haina kitu na maji hata kidogo. Pasipoti: bei ya Leta ni dola 75, na tushukuru, juu mwaka 2015 ilikuwa 185. Go-Pass ya kutoka inchi ni dola 50. Karte ya manjano, unaijua. Visa ya Schengen imepanda tangu Juni 2024, kutoka euro 80 mupaka 90, na wanataka asiransi ya safari yenye kulipa mupaka euro 30000. Mingi ya zile visa zinaombewa Kinshasa, maana yake kuko ndege ingine ya ndani na malazi ya kungojea jibu. Wakikukatalia, ile pesa hairudi. Kwa Bahamas ni mubaya zaidi: njia mingi zinapitia Marekani, na hata mwenye kupita tu mu uwanja wao wa ndege analazimika kuwa na visa yao.

Kisha ndege. Kutoka Luano mupaka Ulaya, kwenda na kurudi, mara mingi inapita dola 1000. Misri iko karibu zaidi, kupitia Addis-Abeba, na Misri si mahali padogo mu huu mchezo. Ilikwisha kupokea mashindano ya dunia ya AIDA ya timu Hurghada mwaka 2006 na Sharm el-Sheikh mwaka 2008. Dahab, karibu na Sharm, kuko wazamiaji wa dunia yote wenye kujifundishia kule mwaka muzima, sababu bahari ni ya kina karibu kabisa na inchi kavu na chumba ni bei nafuu.

Kitu watu wanasahau ni siku. Mashindano ya kina hayamaliziki siku moja kama mechi ya mupira. Yanachukua juma moja ao zaidi, unazama mara moja kwa siku na unapumzika siku zingine. Mbele ya pale wachezaji wanafika wiki moja ao mbili mapema, masikio na mapafu vizoee. Zile wiki zote unakula, unalala, na unalipa kila siku ya kufanya mazoezi ku kamba. Uandikishaji wenyewe unakwenda mu mamia ya dola. Mapezi mazuri ya kaboni, mamia tena. Nguo ya mpira, miwani, kamba ndogo ya kujifunga ku kamba kubwa, saa yenye kupima kina. Cheti cha munganga kisichopita mwaka moja. Kama uko chini ya miaka 18, sahihi ya muzazi.

Hesabu yangu mimi, na nimeifanya kwa kubana: safari moja ya Misri, kwa mutu wa Lubumbashi mwenye kuwa tayari na vifaa, haishuki chini ya dola 2000. Bahamas, zidisha mara mbili na uongeze. Na usifikiri zawadi itarudisha. Mashindano mengi yanatoa medali na picha. Wakubwa wa mchezo wanaishi kwa kufundisha wengine na kwa kampuni zenye kuuza mapezi, hawaishi kwa kushinda. Wakati Mazembe ilikwenda Abu Dhabi mwaka 2010 na kufika finali ya dunia ya vilabu, kulikuwa kilabu, kulikuwa wafadhili, kulikuwa televisheni za dunia nzima. Mu apne uko peke yako na mufuko wako.

Mutu anaweza kusema: basi waandalizi wanakula ile pesa. Tuone upande wao.

Kwa kuandaa mashindano ya kina yenye kutambuliwa, unahitaji kwanza bwato kubwa ao jukwaa lenye kuelea, lililofungwa vizuri lisihame na upepo. Unahitaji kamba iliyopimwa, uzito chini yake, na chombo cha kuvuta kamba nzima juu haraka kama muzamiaji hajarudi. Ndiyo maana muzamiaji anafungwa ku kamba: akizimia kule chini, anapandishwa pamoja nayo. Unahitaji waamuzi, mara mingi wanatoka inchi zingine, unawalipia ndege na malazi. Unahitaji wazamiaji wa usalama, wao pia kwa pumuzi yao, wenye kushuka kumupokea muchezaji mu mita 30 hivi na kupanda naye macho kwa macho. Wanazama mara makumi kwa siku, kwa hiyo lazima timu mbili za kupokezana. Unahitaji munganga mwenye kujua mambo ya kuzama, oksijeni, bwato la haraka lenye kusimama bure siku yote, na njia ya kufika hospitali. Kwa vina vikubwa wanatafuta pia hospitali yenye chumba cha kutibia wagonjwa wa kuzama, na zile hazipatikani kila inchi. Juu ya yote, malipo ya shirikisho ndipo rekodi ikubaliwe.

Gawanya ile yote kwa wachezaji 30 ao 40. Hakuna jukwaa la watazamaji la kuuzia tikiti, sababu mchezo unafanyika pale jicho halifiki. Pesa inatoka kwa wachezaji wenyewe, kwa kampuni kidogo, na kwa muji wenye kutaka watalii.

Na usalama haupunguzwi. Mwaka 2002, mu Jamhuri ya Dominika, Audrey Mestre, mwanamuke Mufaransa, alijaribu rekodi ya kushuka na chombo cha uzito mupaka mita 171. Alifika. Ya kupanda, alitegemea mufuko wenye kujazwa hewa na chupa. Chupa haikuwa na hewa ya kutosha. Alifikishwa juu nyuma ya dakika zaidi ya 8, na alikufa. Hayakuwa mashindano, ilikuwa jaribio la rekodi na timu yao wenyewe, lakini kila muandalizi wa leo anaijua ile chupa.

Miaka 13 nyuma, Septemba 2015, Limassol ku kisiwa cha Kipro, Mufaransa Guillaume Néry alitangaza mita 129. Kamba ilikuwa imepimwa vibaya, na alishuka mita 139. Alizimia karibu na kufika juu, mapafu yaliumia, akapona, lakini aliacha kushindana. Ile haikuwa jaribio la mufukoni. Kosa la mita kumi ku kamba.

Na kuko ile ya Novemba 2013, Bahamas, ku mashindano ya Vertical Blue. Nicholas Mevoli, Mumarekani, alishuka mita 72 bila mapezi. Alipanda mwenyewe, akatoka mu maji, kisha akaanguka. Munganga alikuwa pale, kila kitu kilikuwa pale, na alikufa. Kwa hiyo pesa haiondoi hatari yote. Inapunguza tu, na ni kazi yake ya kwanza mu huu mchezo.

Ukisha kuelewa vile, swali la Tanganyika linajijibu nusu. Maji tunayo. Kule chini ya mita mia moja, mia mbili, maji hayana oksijeni na samaki hawaishi, lakini hiyo haimugusi muzamiaji mwenye pumuzi yake mu kifua. Mamba na kiboko wanahitaji kuchagua mahali, wavuvi wanajua wapi. Upepo wa ziwa pia unahitaji kuheshimiwa, mabwato mangapi yamepotea. Yenye kukosa ni ile ingine: wazamiaji wa usalama, munganga wa kazi ile, bwato la haraka, hospitali kubwa karibu. Na njia. Mutu wa Lubumbashi mwenyewe, kufika Kalemie ni shauri la siku mingi, wamoja wanaona rahisi kuvuka Kasumbalesa na kufika ku ziwa lile lile kwa upande wa Mpulungu, Zambia. Sasa mulete muamuzi kutoka Ulaya.

Ziwa Kivu, kwa wenzetu wa Goma na Bukavu, ni jambo lingine tena. Ku mwambao wa kaskazini kuko mazuku, ile hewa nzito yenye kutoka mu udongo na kulala chini kabisa, hata juu ya maji ya pembeni. Imekwisha kuua watu waliokwenda kuoga tu. Muzamiaji anavuta pumuzi yake ya mwisho uso ukiwa sawasawa na maji. Pale usijaribu.

Penye kuwezekana kuanza ni mu pisini. Lubumbashi pisini hazikosekani, za hoteli na za vilabu. Kwa mashindano yenye kutambuliwa lazima iwe na mita 25 ao 50 zilizopimwa, lakini kwa kujifunza kuzuia pumuzi hata ndogo inatosha. Bei ya kuingia, saa, na mutu wa pili. Ule mutu wa pili hakai mu kiti na telefone yake. Anasimama mu maji, mukono karibu, anauliza kila wakati na anangojea kidole kimoja kiinuke kama jibu. Mwenye kuzimia mu maji hapigi kelele, hajitupi-tupi. Analegea tu, na ukiwa umegeuza kichwa utafikiri anaendelea vizuri. Kuhema haraka haraka mbele ya kuzama, vile watoto wanafanya juu ya kushindana, ndiyo njia ya karibu zaidi ya kuzimia, sababu inamudanganya mwili: ile hamu ya kupumua inachelewa, oksijeni inaisha mbele.

Na kama mutu anakuja kwenu na karatasi za "uandikishaji wa dunia", anaomba pesa mukononi juu ya kukupeleka nje kushindana, ujue vile inafanyika kweli. Mashindano ya AIDA yanatangazwa na shirikisho lenyewe, na jina la muandalizi, siku na mahali. Muchezaji anajiandikisha mwenyewe kwa muandalizi. Visa inaombwa na mwenye pasipoti. Siku moja mbele ya kuzama unaandika kina chako, na nyuma ya kupanda uko na sekunde 15 za kuondoa miwani, kufanya alama ya mukono na kusema kwa Kiingereza kwamba uko sawa. Ukikosa hata moja ya zile tatu, karte nyekundu, na mita zako zote hazihesabiwe.