Wageni wa Kaskazi katika Anga ya Chiwata

Wageni wa kaskazi si majahazi peke yake. Upepo uleule uliowaleta mabaharia wa Maskati na wa Kachi humleta pia kozi wa Amur, ndege asiyefika gramu 200, azaliwaye Siberia ya mashariki na kaskazini ya Uchina. Akiiacha Bara Hindi huvuka bahari takriban kilomita 3,000 bila ya kutua, kisha huteremka pamoja na mvua kupitia Kenya, Tanzania na Msumbiji hadi kusini ya Afrika. Kumbikumbi watokapo ardhini, humkuta yupo juu anawangoja. Chiwata, pale nchi ya Masasi inapopakana na uwanda wa juu wa Wamakonde, imo katika njia hiyo pana.

Novemba ya mwaka 1917, msimu huohuo wa kozi, Chiwata ilipata wageni wa namna nyingine. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi wa Oktoba, lilirudi nyuma hadi hapo, limepungukiwa na risasi na dawa. Wagonjwa na majeruhi wakaachwa. Waliobakia na nguvu, askari wapatao 1,700 na Wazungu 300, pamoja na wapagazi wao, wakashika njia ya Ruvuma.

Msaada wao ulikuwa ukija angani. Tarehe 21 Novemba, Zeppelin L 59, merikebu ya hewa yenye urefu wa mita 226, iliondoka Yambol, Bulgaria, na takriban tani 15 za shehena, ikiuelekea uwanda wa Wamakonde. Tarehe 23, ikiwa juu ya Sudan, ikaamriwa kurudi. Ilitua ilikotoka tarehe 25, baada ya saa 95 hewani, siku ileile Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kozi hula panzi na kumbikumbi, hamdai mtu kitu. Wageni wa vita walikula maghala ya wenyeji na kuwatwika vijana wao mizigo. Wapagazi waliokufa Afrika Mashariki katika vita ile, kwa pande zote, ni makumi ya maelfu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Na bundi je? Yeye si msafiri. Hubaki na wenyeji katika shibe na katika njaa. Naye ndiye tunayemtuhumu kuwa huleta kifo, tukamtupia mawe. Pemba inaye bundi wake asiyepatikana penginepo duniani, akaaye msitu wa Ngezi na hata mikarafuuni; akimalizwa huko, hakuna kaskazi itakayomrudisha.

Kule Nagaland, India, mwaka 2012 kozi hawa walinaswa kwa nyavu na kuuawa maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliziweka nyavu chini. Nasi tuyaweke mawe chini. Walioleta kifo Chiwata majina yao yanajulikana, na bundi hakuwamo.