Maarifa Yanayozaliwa Uwandani: Wafanyakazi wa Utafiti wa Afya Korogwe na Handeni

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya wafanyakazi wa uwandani katika utafiti wa sayansi za afya wilayani Korogwe na Handeni, mkoani Tanga. Hoja yake ni kwamba ubora wa ushahidi uliotoka huko umetegemea ujuzi na busara ya watu hao. Kwa hiyo vyuo vikuu na taasisi washirika vinapaswa kuwafundisha, kuwaajiri na kuwatambua kama sehemu ya sayansi yenyewe.

Utangulizi

Desemba 2008, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lililofanyika Kilifi, Kenya, na Korogwe, Tanzania. Watoto 894 wenye umri wa miezi 5 hadi 17 walishirikishwa, na chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 53 katika ufuatiliaji wa wastani wa miezi minane. Jaribio kubwa zaidi likaendeshwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, likiwa na watoto 15,459. Kwa upande wa Tanzania, vituo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Tarehe 6 Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Hakuna chanjo ya malaria iliyowahi kufika hatua hiyo kabla yake.

Kwa kawaida habari hii husimuliwa kwa kutaja vyuo, kampuni za dawa na watafiti wakuu. Mchango wao ni mkubwa na haupingwi. Hata hivyo, masimulizi hayo yanaruka hatua ambayo bila hiyo hakuna takwimu hata moja ambayo ingepatikana: kazi ya muuguzi, mtaalamu wa maabara, mkusanyaji takwimu na mhudumu wa afya wa kijiji. Hao ndio wanaobisha hodi, wanaoeleza, wanaopima na wanaorudi tena mwezi unaofuata. Ninadai kwamba kazi yao ni kazi ya kisayansi kwa maana kamili, na kwamba mfumo wetu wa elimu ya juu ya afya haujaipa hadhi inayostahili.

Urithi wa utafiti mkoani Tanga

Utafiti wa malaria mkoani Tanga una umri mrefu. Kitengo cha Malaria cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1949 na kikaja kuwa na makao yake Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mwaka 1979 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) iliundwa kwa sheria ya Bunge, na urithi wa Amani ukaingia mikononi mwa Watanzania. Baadaye NIMR ilishirikiana na hospitali ya rufaa ya KCMC ya Moshi, Chuo Kikuu cha Copenhagen na chuo cha London cha afya na tiba ya magonjwa ya kitropiki katika mpango wa pamoja wa malaria. Ndipo Korogwe, mji wa reli na mkonge ulio kando ya Mto Pangani, ukawa na kituo cha utafiti karibu na Hospitali ya Magunga.

Mazingira yenyewe yanafaa kwa swali la kisayansi. Ndani ya wilaya moja ya Korogwe kuna vijiji vya bondeni ambako mbu wa malaria walikuwa wengi mno, na vijiji vya milimani ambako walikuwa wachache. Handeni nako ni tambarare kavu zaidi, vijiji vimetawanyika, na maji ni shida ya kila kiangazi. Bruno Mmbando na wenzake walionesha kwamba katika kijiji cha bondeni Korogwe, kiwango cha watu wenye vimelea vya malaria kilishuka kutoka asilimia 78.4 mwaka 2003 hadi asilimia 13.0 mwaka 2008. Katika kijiji cha milimani kilishuka kutoka asilimia 24.7 hadi 3.1.

Tuzitazame takwimu hizo kwa jicho la aliyezikusanya. Asilimia ya vimelea huanzia kwenye tone la damu la kidole, tone linapakwa kwenye kioo, kioo kinatiwa rangi, kisha msomaji anahesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe za damu chini ya hadubini. Katika tafiti nzuri kioo kimoja husomwa na watu wawili bila mmoja kujua jibu la mwenzake, na wakitofautiana, wa tatu huamua. Nayo hesabu ya homa za kila siku ilitegemea wahudumu wa vijijini waliopokea wagonjwa karibu na nyumbani. Mhudumu akiacha kuandika kwa wiki mbili za msimu wa kilimo, malaria itaonekana imepungua ilhali kilichopungua ni kalamu. Mwelekeo wa miaka mitano unaaminika kwa kiasi kile kile tunachoweza kuamini daftari lake.

Kabla mimba haijaonekana

Mfano ulio wazi zaidi ni mradi wa FOETALforNCD, uliofanyika Korogwe na Handeni kati ya 2014 na 2016. Ulitafuta kujua jinsi upungufu wa damu wa mama unavyoathiri mtoto tumboni, na hatari ambayo mtoto huyo anaweza kuibeba ya kupata kisukari au shinikizo la damu ukubwani. Ili swali hilo lijibiwe, haikutosha kuwasubiri wajawazito kliniki, kwa kuwa wanawake wengi vijijini huanza kliniki mimba ikiwa imekua. Ilibidi wanawake waandikishwe kabla ya kushika mimba, wapimwe, kisha wafuatiliwe hadi mimba itunge. Waliandikishwa wanawake 1,415. Katika uchambuzi ulioongozwa na Omari Msemo, zaidi ya theluthi moja walikutwa na upungufu wa damu hata kabla ya ujauzito.

Hapa ndipo ujuzi wa uwandani unapoonekana kwa ukaribu. Mfanyakazi anaingia uani, anasalimia wakubwa wa nyumba, anakaribishwa kigoda. Anachotaka kumuuliza mke wa nyumba hiyo ni iwapo anakusudia kuzaa na siku zake za hedhi zilikuwa lini. Haya si maswali ya kuuliza mbele ya mama mkwe. Mimba changa hufichwa kwa hofu ya husuda na kwa haya ya kutangaza jambo ambalo huenda lisikae. Mwenye ujuzi atazungumza kwanza habari za mahindi na mvua, ataomba kwa heshima apewe faragha, na kipimo cha mkojo kikionesha mimba, habari hiyo atampa mwanamke mwenyewe na si mtu mwingine. Akikosea hatua moja kati ya hizo, mwanamke atajibu chochote ili mgeni aondoke, au ziara ijayo hatakuwepo nyumbani. Dodoso litajazwa, lakini litakuwa tupu kwa maana.

Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja kitaaluma. Tarehe ya hedhi ya mwisho mara nyingi haikumbukwi sawasawa, na umri wa mimba ukikosewa, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kudhaniwa amedumaa tumboni. Ndiyo maana utafiti wa awali wa malaria kwa wajawazito, uliofanyika Korogwe kuanzia 2008, ulitumia ultrasaundi. Data zake zilimwezesha Christentze Schmiegelow na wenzake, wakiwamo Daniel Minja na John Lusingu, kuchapisha mwaka 2012 chati ya uzito wa mtoto tumboni iliyotokana na akina mama wa Afrika Mashariki wenyewe. Chati hiyo ni zao la mashine, na vilevile ni zao la akina mama waliokubali kurudi kupimwa mara kwa mara kwa kuwa walimwamini aliyewaita.

Damu na mrejesho

Kuaminiana huko kuna mtihani wake mkubwa, nao ni damu. Hadithi za mumiani, wanyonya damu wanaodaiwa kuiuza kwa faida, zimezunguka Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na msomi anayezicheka hajazielewa. Zinauliza swali halali: damu yetu inakwenda wapi, na nani ananufaika?

Swali hilo lina jibu zuri ambalo ni nadra kusikika kijijini. Mwaka 2012 watafiti walionesha, kwa kutumia damu ya watoto waliolazwa Korogwe, kwamba vimelea vinavyoleta malaria kali hutumia aina maalumu za jeni. Mwaka uliofuata, utafiti uliotokana na kazi hiyo ulionesha katika jarida la Nature kwamba vimelea hivyo hujishikiza kwenye kipokezi kiitwacho EPCR katika kuta za mishipa ya damu. Dunia ilielewa vizuri zaidi kwa nini malaria inaua mtoto. Je, wazazi wa watoto wale waliambiwa kwa lugha yao? Mkutano wa mrejesho mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwa Kiswahili fasaha kinachoeleza kilichogunduliwa na kisichogunduliwa, unapaswa kuwa na fungu lake katika bajeti tangu siku ya kwanza. Na hakuna anayeweza kuufanya vizuri kuliko yule aliyechukua damu.

Hoja pinzani

Pingamizi la kwanza ni la kanuni. Majarida ya kimataifa humtaka mwandishi awe ameshiriki kuandika na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima, hivyo mkusanyaji takwimu hastahili kuwa mwandishi. Kanuni hiyo ina mantiki, na sipendekezi ivunjwe. Ninachopendekeza ni wafanyakazi hao wapewe nafasi ya kuitimiza. Mtu aliyekaa uwandani miaka kumi akishirikishwa katika kutunga dodoso na kujadili matokeo, atakuwa ametimiza masharti kwa haki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mfanyakazi anayetoka kijiji hicho hicho anaweza, bila kukusudia, kumfanya jirani aone haya kukataa. Ridhaa ya hiari inageuka kuwa adabu ya ujirani. Hatari hii ni ya kweli, lakini dawa yake si kuleta wageni wasiojua mila. Dawa ni kutenganisha kazi: mwenyeji atambulishe na kufuatilia, mtu mwingine achukue ridhaa, na haki ya kujitoa irudiwe kusemwa katika kila ziara. Kufanya hivyo kunahitaji watu waliofundwa maadili ya utafiti kwa kina, jambo linaloirudisha hoja palepale pa mafunzo.

Pingamizi la tatu ni fedha. Ruzuku ni za miaka mitatu au minne, na zikiisha mikataba huisha. Lakini jaribio la RTS,S lilihitaji kuwafuatilia watoto kwa miaka kadhaa ili ibainike kwamba kinga hufifia, na kwamba dozi nne hupunguza malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa watumishi wanaobadilishwa kila mwaka. Kumpoteza mtu anayejua kila kitongoji ni hasara, ingawa hakuna kitabu cha hesabu kinachoionesha.

Hitimisho

Vyuo vikuu vya afya nchini vinaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, vianzishe cheti cha utafiti wa uwandani chenye ngazi za kupanda hadi shahada, kinachotambua uzoefu wa kazi kama sifa ya kujiunga. Pili, kila mradi wenye washirika wa nje utenge sehemu ya gharama za uendeshaji kwa mfuko wa kituo, ili watumishi wabaki kazini kati ya ruzuku moja na nyingine. Tatu, kamati za maadili zisipitishe mradi usio na mpango wa mrejesho wenye tarehe, mahali na mtu wa kuutekeleza.

Mambo haya hayadai kwamba kazi ya uwandani izidi ya maabara au ya darasani. Yanadai usawa wa kimantiki: ikiwa kosa la mkusanyaji takwimu linaweza kubatilisha matokeo ya profesa, basi umahiri wake ni sehemu ya matokeo hayo, na ni wajibu wa chuo kuulea kama kinavyolea umahiri wa profesa.