Harusi ya Kua: kisa cha miji miwili iliyodaiana

Anayeshuka gati la Kilindoni kwa mara ya kwanza huuona mji mdogo wenye harakati nyingi: mafungu ya nazi, madebe ya samaki wakavu, bodaboda wanaogombea abiria wa boti ya Nyamisati. Mji wenyewe si wa kale. Wajerumani walihamishia makao yao hapa mwaka 1913 kutoka kisiwa kidogo cha Chole, na tangu hapo Kilindoni ndiyo ikawa mjini. Miji mikongwe ya Mafia ilikuwa kwingine. Kisimani ilikuwa kwenye rasi ya magharibi inayotazamana na delta ya Rufiji, na Kua ilikuwa katika kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Utende. Leo yote miwili ni magofu. Ukiuliza kulikoni, wazee wa Mafia hawaanzi na vita wala biashara. Wanaanza na jahazi.

Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi kubwa. Siku ya kulishusha majini ilipofika, wakawachukua watoto wa Kua, wakawafunga na kuwalaza mchangani mahali pa magogo, kisha jahazi likasukumwa juu yao hadi baharini. Habari zikafika Kua. Watu wa Kua wakanyamaza, miaka ikapita.

Kisha ukatoka mwaliko: Kua kuna harusi, jamaa wa Kisimani mnakaribishwa. Wageni wakaja na mavazi yao mazuri, wakapelekwa kwenye chumba kilichojengwa chini ya ardhi. Wakala, wakanywa, ngoma ikachezwa. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake, mpaka akabaki mzee mmoja tu akiwachangamsha wageni kwa hadithi. Huku nje waashi walikuwa wanaziba mlango kwa mawe na chokaa. Mzee yule naye hakutoka. Kisimani wakapelekewa ujumbe kwamba sasa hawadaiani.

Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga, lakini sidhani kama walikuwa na malipo ya namna hii akilini. Kisa kinatisha kwa sababu ya mahali kilipochagua kuweka uovu wake. Mpaka leo, pale Chole, mafundi bado wanaunda vyombo kwa tezo na msumeno, wanatia kalafati kwa pamba kati ya mbao, wanapaka chombo sifa ya papa. Siku ya kukishusha, fundi na mwenye chombo hawatoshi. Huitwa kijiji kizima, dua husomwa, chakula hupikwa, watu hushika ubavu wa chombo na kuitikia kwa sauti moja. Kushusha jahazi ni ujirani. Harusi nayo ni ujirani. Na "mgeni njoo, mwenyeji apone" ndiyo methali ya kwanza anayofundishwa mtoto wa pwani. Msimuliaji ameyachukua mambo mawili yanayowaunganisha Waswahili, akayageuza kuwa mitego miwili. Msikilizaji wa Mafia haelezwi funzo, analisikia tumboni.

Je, yalitokea? Mawe yanatia shaka. Masimulizi ya Kilwa yanasema sultani wake wa kwanza, Ali bin al-Hasan, alimtuma mwanawe kuitawala Mafia, na Kisimani ndiyo iliyoshamiri katika enzi za masultani hao. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba huko na kutoa ripoti yake mwaka 1961, alikuta sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Magofu mengi tunayoyaona Kua, kwa upande wake, ni ya karne ya 18. Kwa hiyo miji hii haikusimama kifua kwa kifua katika enzi zao za fahari kama kisa kinavyotaka tuamini. Kwa maoni yangu, kisa kimebeba kumbukumbu ya uhasama wa kweli, wa nani mkubwa na bandari ya nani ipokee vyombo, kikaupa sura ya watoto na harusi ili usisahaulike.

Kilichoimaliza Kua kinafahamika vizuri zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka unaotajwa sana ni 1829, Wasakalava kutoka Madagaska walikuja na mitumbwi yao, wakauteka mji, wakaua na kuchukua watumwa. Walionusurika hawakurudi kujenga. Makao ya utawala yakahamia Chole, ambako baadaye Wajerumani, waliochukua Mafia mwaka 1890, walijenga boma na gereza. Mizizi ya miti imeyakumbatia magofu ya majengo hayo mpaka huwezi kujua kama ukuta unaushikilia mti au mti unaushikilia ukuta. Kisimani ilipata adui mwingine. Bahari inaendelea kuila rasi, na sehemu kubwa ya mji imekwenda na maji.

Kua kumebaki jumba la ghorofa la watawala, misikiti kadhaa iliyoezuka, na makaburi ya matumbawe na chokaa katikati ya mibuyu. Ingia msikitini uangalie kibla: mchongaji alilikata tumbawe likiwa bado bichi na laini, maana likikauka halikubali tena patasi. Nje, makaburi mengi hayana jina hata moja. Makaburini kule Uingereza, jiwe humweleza mpita njia nani kalala pale, kafa lini, pengine hata kafa kwa nini. Kwetu pwani kaburi la kale mara nyingi limenyamaza, na anayelisemea ni mzee wa kijiji. Akiondoka mzee, kaburi linabaki mawe.

Ndiyo maana kisa cha harusi kina thamani, kiwe kilitokea au hakikutokea. Ni maandishi ya kaburi la miji miwili. Kinataja hatia ya kila upande bila kumpendelea yeyote, jambo ambalo historia nyingi zilizoandikwa zimeshindwa.

Ukifika Kilindoni, usiishie kutazama papa potwe baharini. Panda gari hadi Utende, tafuta mashua, na uulize kwanza saa za maji, kwa kuwa Kua hufikika vizuri maji yakijaa. Chukua mwongozaji mzaliwa wa Juani. Usibandue jiwe, usiokote kigae. Mkifika penye kivuli mwombe akusimulie habari za jahazi na harusi tangu mwanzo, na kama una kalamu, andika.