Chini ya Foleni ya Pasipoti

Makavazi ya kwanza ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa maumbile, wengi wao Wazungu, waliotaka pahali pa kuhifadhi vielelezo vyao vya mimea na wanyama. Pahali penyewe ni wapi? Hapo hapo Nyayo House iliposimama leo. Nafasi ilipokuwa ndogo wakahama, na mwaka 1930 makavazi yakafunguliwa Museum Hill, kwenye jengo lililopewa jina la Gavana Coryndon.

Kiwanja kikabaki na historia nyingine. Miaka ya themanini, watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya walifungiwa katika vyumba vya chini ya Nyayo House. Walionusurika wamesimulia: kipigo, njaa, kukaa ndani ya maji siku baada ya siku. Mwaka 2003 serikali mpya iliufungulia umma vyumba hivyo, na kwa miaka mingi waathiriwa wamedai pawe makumbusho. Huku juu, sisi tunapanga foleni ya pasipoti.

Kazi yangu ni kubuni maonyesho, na sehemu hii hunisumbua. Ningepewa vyumba vile, ningefanya nini? Kidogo sana. Sisi wa kazi hii tunapenda kujaza: skrini kila ukuta, taa za rangi, sanamu, vilio kutoka kwenye spika, ati mgeni ahisi. Ahisi nini? Mwigizaji akilia studio, aliyelia kweli mle ndani anapokonywa hata kilio chake. Kuta ningeziacha zilivyo. Hata rangi nisingepaka.

Ningeweka viti, kwa sababu mzee anayerudi kutazama chumba alichofungiwa hafai kusimamishwa tena. Kila mlango ufunguke kutoka ndani. Maelezo yawe ya Kiswahili kwanza, mafupi, na jina la mtu liandikwe tu akikubali mwenyewe, au familia yake. Giza? Mgeni awe na swichi mkononi, aamue mwenyewe kuzima stima au la.

Lakini kubwa ni lango. Liwe la barabarani, wazi siku za kazi, bila barua ya kuomba ruhusa kwa afisa yeyote. Na ukimaliza, ngazi zikutoe kando ya ile foleni ya pasipoti, wanaosubiri waone umetoka wapi.